Kilima cha Kumi na Saba

Jua lilikataa kutua. Nalisema mapema ili msije mkanilaumu baadaye kwamba niliwaficha, maana habari hii yote ni ya kufichana na mimi sitaki kuhesabiwa humo. Lilisimama juu ya mapaa ya mji, alasiri, limetulia kama mgeni asiyejua kwamba wenyeji wanataka kulala. Na Lukindo, ambaye ndiyo kwanza ameshuka kutoka kilima cha arobaini, vumbi lake bado likielea njiani, alilitazama jua hilo akageuza uso upesi.

Usiniulize nchi gani. Ni nchi yenye mji mmoja na vilima arobaini vilivyouzunguka, basi. Katika nchi hiyo, watu wakitaka kujenga kitu cha wote, hawaitani mkutanoni wala hawapitishi kofia. Wanamtafuta mkimbiaji. Mkimbiaji anapanda kilima cha kwanza, anashukia upande wa pili kusikoonekana, anazunguka na kurudi mjini, kisha anakishika cha pili, na hivyo hivyo mpaka cha arobaini, bila kulala. Juu ya kila kilima anajifuta jasho kwa kitambaa. Akirudi, anamkabidhi fundi kitambaa kile, fundi anakikamulia kwenye udongo wa kujengea, na watu waliomwahidi wanaleta matofali yao ya kozi moja, yaani mstari mmoja wa ukuta kuizunguka nyumba yote. Kilima kimoja, kozi moja. Hakuna shahidi mwingine ila jasho. Na tangu mkimbiaji anaponyanyua mguu wa kwanza, jua linasimama mpaka vilima vyote vitimie. Kazi za mikono zinaendelea, lakini kinachokua chenyewe kinasubiri: ndizi haziivi, ndevu hazioti, mtoto tumboni hageuki. Kwa nini iwe hivyo, hakuna ajuaye. Watu wamelizoea jambo hilo kama walivyozoea kwamba mvua hulowesha.

Kwa hiyo Lukindo alikuwa amekimbia muda gani? Wapo waliosema mwaka. Wapo waliosema ni alasiri moja tu, ndefu kidogo. Yeye mwenyewe hakujua. Kwenye kilima cha thelathini alipishana na mtu aliyevaa shati lake, anashuka huku yeye akipanda, na mtu yule alimtazama usoni akapita bila salamu. Kwenye cha thelathini na tatu alisahau jina lake, na halikumsumbua. Miguu ilikuwa inajua kazi yake. Ukikimbia sana, anayekimbia anabaki nyuma, na kinachoendelea mbele ni kukimbia kwenyewe, kunapumua, kunatema mate, kunakwenda. Hapo ndipo raha ilipo, enyi mnaowaonea huruma wakimbiaji. Mtu aliyejisahau hana wa kumwogopa.

Sasa alikuwa amekwisha kumbuka. Alikuwa Lukindo, mume wa marehemu Hidaya, kaka yake Sikudhani, na alikuwa anaogopa.

Nyumba iliyokuwa ikijengwa ilikuwa ya wanawake kujifungulia. Mji ule haukuwa nayo. Mkunga aliishi nyuma ya kilima cha kumi na saba, na mwanamke akishikwa na uchungu alilazwa kitandani, wanaume wanne wakakibeba kitanda mabegani, kila mmoja na pembe yake, wakakimbizana naye huko. Wengine walifika. Hidaya hakufika. Na kila mtu mjini aliijua habari yake, maana Lukindo aliisimulia kila alipotafuta wa kumwahidi matofali: jinsi walivyofika chini ya kilima, jinsi Hidaya alivyolia, jinsi yeye alivyoikabidhi pembe yake kwa mpita njia na kutimua mbio kukipanda kilima peke yake amlete mkunga, jinsi alivyobisha mlango na kukuta mkunga kasafiri, jinsi alivyorudi na kukuta kumekuwa kimya. Ilikuwa habari nzuri. Kila aliyeisikia alitoa. Akina mama walijifuta macho kwa ncha za kanga wakaahidi matofali kumi badala ya matano, na habari nayo, kwa kulishwa vizuri, ikanenepa: mara akadondoka mwambani, mara akatoka damu magotini. Watu wakasema, aliyekimbia vile kwa ajili ya mkewe ndiye atukimbilie sote.

Basi aliposhuka kutoka cha arobaini na kumpa fundi kitambaa cha mwisho, ngoma zililia. Jua likajinyoosha, watu wote waliliona, likashuka kama unene wa ukucha. Saa hiyo hiyo Sikudhani, aliyekuwa amesimama kwenye umati na tumbo lake la miezi tisa, akashika kiuno na kukaa chini. Wanawake wakamwingiza ndani ya nyumba mpya, wa kwanza kuingia, vigelegele vikapigwa. Mkunga, safari hii, alikuwa amekwisha kuletwa, anamsubiri. Kisha jua likasita. Likasimama.

Na mle ndani uchungu wa Sikudhani nao ukasimama palepale ulipokuwa, haupungui wala hausongi mbele.

Mwanzoni watu walicheka. Walisema jua nalo linataka kuona mtoto. Halafu kicheko kikakauka. Kuku walizunguka mlangoni mwa vibanda vyao, wanaingia, wanatoka. Mkunga alichungulia nje akasema njia haifunguki, na mama hawezi kukaa hivi, atachoka, na akichoka basi. Hakumalizia. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba labda vilima havijatimia. Mzee Pazi, mfinyanzi wa mitungi, mtu wa kulalamika tangu alipozaliwa, akachukua fimbo yake akaenda ukutani kuhesabu kozi kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka arobaini.

“Zimetimia,” alisema. “Arobaini kamili. Kama siku za mwizi.”

Alikuwa anatania. Mzee yule alitania namna hiyo kila siku. Lakini Lukindo alihisi kijasho chembamba kikimtoka kwapani, akaondoka taratibu, akazunguka nyuma ya nyumba kusikokuwa na mtu.

Huko nyuma alisimama na kuongea na nafsi yake, na mimi nitawapa maneno hayo kama yalivyotoka, yamekatikakatika, kwa sababu hofu haijui kupanga maneno.

Matofali ni ya kweli. Hilo liko wazi. Tofali halijui habari. Mvua ikinyesha, litazuia mvua. Nimeongopa kilima kimoja. Kimoja tu, na thelathini na tisa nimevuka, kucha zimenitoka, nani mwingine angevuka? Wangempata nani? Nikisema, watabomoa. Sheria inasema tofali lililotolewa kwa uongo hurudi kwa mwenyewe. Watabomoa, mkunga atarudi kwake, na Sikudhani atabebwa kwa kitanda. Nisiposema, jua halitui. Jua lisipotua, mtoto hatoki. Nikisema anakufa njiani, nisiposema anakufa ndani. Hidaya, nyamaza. Nimekwambia nyamaza. Sikuja huku kukusikia wewe.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Alipofika chini ya kilima cha kumi na saba, katika mbio hizi, alisikia sauti ya Hidaya ikitoka juu, ileile, ya siku ile. Miguu iliyovuka kumi na sita ikakataa. Pale chini pana njia ndogo, nyembamba isiyopitisha kitanda, inayofuata kijito na kukizunguka kilima mpaka upande wa pili. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ilikuwa fupi kweli. Aliifuata, akachovya kitambaa mtoni kikalowa chepechepe, akarudi mjini anahema kwa makusudi. Fundi akakipokea. Kozi ya kumi na saba ikajengwa.

Sasa akaamua. Atakwenda kukivuka sasa hivi, kwa siri, kabla mtu hajamwuliza. Alikuwa amekwisha kuishika njia ya vichakani alipomkuta fundi mwenyewe, Mama Mwasiti, ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, anasugua mwiko wake kwa mchanga. Huyu Mama Mwasiti alijenga karibu kila ukuta wa mji ule. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa udongo, na hakuwa mwenye maneno mengi.

“Unakwenda wapi?”

“Kunyoosha miguu, mama.”

“Miguu iliyovuka vilima arobaini hunyooshwa kitandani.”

Lukindo akasimama. Mama Mwasiti hakuinua macho. Alimweleza, polepole, huku akisugua, kwamba fundi wa nchi ile haanzi kozi kabla hajaonja udongo wake. Anachovya kidole, anaweka ulimini, anatafuta chumvi ya mkimbiaji. Walimfundisha hivyo tangu alipokuwa msichana. Na kozi ya kumi na saba haikuwa na chumvi. Ilikuwa na ladha ya mto, na ya majani yaliyooza.

Lukindo hakusikia tena kuku wala watu. Alitaka kuuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizo, lakini Mama Mwasiti akajibu bila kuulizwa. Alisema naye aliogopa. Alisema alikuwa na binti, na binti alibebwa kwa kitanda, naye hakufika, na watu hawakuzungumza habari zake kwa sababu hakuwa na mume wa kukimbia mbele. Aliitaka nyumba. Aliona ukuta umefika usawa wa uso, akasema moyoni, kozi moja tu, nani atajua. Akapaka udongo, akapanga tofali.

“Kwa hiyo tuko wawili,” alisema. “Usidhani nakusimanga.”

Lukindo akamwambia kwa haraka kwamba anakwenda kukivuka sasa, arudi na jasho la kweli, waichokonoe kozi waitie, na hakuna atakayejua. Alisema hivyo huku miguu ikimwasha kwenda. Mama Mwasiti alimwacha amalize.

“Kivuke, nani amekukataza? Lakini aliyevuka thelathini na tisa hashindwi na kimoja. Pale hukushindwa na kilima wewe. Kuna nini pale?”

Lukindo akaitupia macho njia ya vichakani.

“Mficha uchi hazai, mwanangu,” alisema Mama Mwasiti akanyanyuka. “Na leo anayezaa si wewe.”

Sijui kama kuna woga mbaya kuliko ule wa mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe kuelekea anakoogopa. Simba akikukimbiza, woga uko nyuma yako, na miguu inakusaidia. Huu ulikuwa mbele. Kila hatua ilikuwa inamsogeza Lukindo karibu na umati, na karibu na ukuta, na karibu na mlango uliofungwa kwa kanga, ambapo sauti ya dada yake ilitoka kidogo kidogo. Alifikiri jinsi watakavyomtazama. Alifikiri, na hili nalisema kwa sababu ni kweli, kwamba angeweza hata sasa kuugua ghafla, akaanguka, na wangemfunika kwa upole na kumpepea. Watu wanampenda mkimbiaji aliyeanguka. Aliwaza hivyo mpaka alipofika.

Aliongea akiwa ameutazama ukuta. Alisema kilima cha kumi na saba hakukivuka. Umati ukaguna, mtu mmoja akacheka akidhani ni homa ya uchovu. Akaeleza njia ya kijito, na kitambaa. Kisha angeweza kuishia hapo, na kwa kweli aliishia, akafunga mdomo, akalitazama jua. Halikusogea. Likamtazama.

“Na siku ile pia sikukivuka,” alisema.

Aliwaambia. Hakukabidhi pembe ya kitanda kwa mpita njia, hapakuwa na mpita njia, ila wenzake watatu walimfichia aibu. Aliitua chini. Hidaya alikuwa anamwita kwa jina, na kila alipoitwa alihisi anaitwa na shimo, akawaambia wenzake anakwenda kwa mkunga, akakimbia. Alikimbia mpaka kwenye kijito. Akakaa kwenye mawe akajiziba masikio kwa viganja, akakaa, akakaa, na alipoiondoa mikono palikuwa kimya. Akajimwagia maji ili aonekane amelowa jasho. Mkunga hakuwa amesafiri. Mkunga alikuwa nyumbani kwake siku ile, nyuma ya kilima, na mpaka leo hakuwa ameambiwa kwamba alihitajiwa.

Kanga ya mlangoni ilisogea. Mkunga alikuwa amesimama pale amesikia yote. Alimtazama kwa muda, kisha akarudi ndani kwa kuwa kazi ilikuwa inamngoja.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Pazi. Sauti yake haikuwa na utani tena. Alisema anataka tofali lake. Alitoa moja tu, hakuwa na zaidi, alilifinyanga kwa mikono yake yenye baridi yabisi kwa sababu alimlilia mke wa mtu huyu kama binti yake, na sasa anataka tofali lake, la kozi hiyohiyo ya kumi na saba, lina alama yake ya kidole gumba. Wengine walisogea ukutani mmoja mmoja, kila mtu akaweka kiganja kwenye tofali lake, kama desturi inavyotaka mtu akidai. Ukuta mzima ukajaa viganja. Lukindo alijua kwamba viganja vile vikivuta kwa pamoja, itakuwa ni kelele moja na vumbi.

Mama Mwasiti akajipenyeza katikati. Akasema nyumba yenye mzazi ndani haibomolewi, hiyo nayo ni desturi, na mwenye kubisha abishane naye. Wangoje. Ila tofali moja laweza kutoka bila ukuta kuanguka, na mzee amedai, ni haki yake. Akachukua mwiko, akachokonoa udongo usio na chumvi, nao ukapukutika upesi kama unga, akalichomoa tofali la Mzee Pazi akampa mkononi.

Pakabaki tundu, usawa wa uso wa mtu. Na sauti ya Sikudhani, iliyokuwa ikitoka kwa kuchujwa na mlango na kanga, sasa ikatoka yote.

Lukindo alirudi nyuma hatua mbili. Ilikuwa ni ileile. Nawaambieni, ilikuwa ya Hidaya, au wanawake wote wana sauti moja pale wanapofika, sijui, mimi sijafika. Miguu ikaanza kumwasha. Na hapo, angalieni maajabu, watu walianza kumsaidia. Wakamwambia akimbie. Wakamwonesha kilima. Nenda kakivuke, walisema, hata sasa hujachelewa, kakivuke utuletee jasho la kweli, jua litue. Walisema kwa hasira na kwa huruma, na walikuwa wamekwisha kumfungulia njia katikati yao, nyeupe, imenyooka, mpaka chini ya kilima. Hata kilima chenyewe kilionekana kimeinama. Angeweza kukivuka mara kumi. Kitu gani rahisi kama kukimbia?

Alikuwa amekwisha kunyanyua kisigino.

“Kaka.”

Sauti ya Sikudhani ilitoka tunduni, ndogo, imekauka, katikati ya uchungu na uchungu.

“Nimekusikia, kaka. Usikimbie. Kaa hapo hapo.”

Akakiweka kisigino chini. Akarudi ukutani, akauweka uso wake mbele ya tundu, akashika tofali za pande zote mbili kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kingo za mtumbwi. Ndani kulikuwa na giza, aliona tu mkono wa dada yake umekamata kitanda. Sauti ikaja ikampiga usoni. Hakuziba masikio. Alijikojolea kidogo, ndiyo, mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka. Jasho lilianza kumtoka kipajini, la baridi, halafu likawa jingi, likamtiririka kwenye nyusi na pua, likidondokea kwenye ukingo wa tundu, na hakuwa amesogea hata hatua moja. Aliita, “Nipo.” Sauti ikaja tena. “Nipo.” Hakuwa na neno jingine, na hilo alikuwa amechelewa nalo miaka.

Kivuli cha ukuta kikasogea. Aliyekiona kwanza ni Mama Mwasiti, kwa vile ni fundi, na fundi anatazama vivuli. Kiligusa vidole vya miguu ya watu, kikapanda magotini. Hakuna aliyepiga ngoma. Kuku waliingia vibandani wakakaa. Rangi ikaanza kuondoka kwenye vitu, na jua likaenda zake kimya kimya, na lilipokuwa limebaki uzi tu wa mwanga kule nyuma ya kilima cha kumi na saba, mtoto akalia.

Lukindo hakuachia ukuta. Hofu haikuwa imemtoka, alishangaa kuikuta ingalipo, imekaa naye palepale.

Watu walisimama na viganja vyao ukutani kwa muda. Sitawaongopea kwamba wote waliviondoa jioni ile. Wengine waliviondoa, wengine walisema tutaonana asubuhi, na asubuhi ina habari yake. Mzee Pazi alikuwa ameketi chini amelipakata tofali lake. Alinyanyuka kwa taabu, akaliweka karibu na miguu ya Lukindo, akashika njia ya kwake bila kuaga.

Mama Mwasiti akamfuta Lukindo kipaji kwa kitambaa, akakikamulia kwenye udongo kidogo uliobaki, akaukoroga kwa mwiko. Akachovya kidole, akaweka ulimini, akakaa nao.

“Haya,” alisema. “Ziba mwenyewe.”

Akaziba. Tofali likakaa upande. Mama Mwasiti, ambaye maisha yake yote hajawahi kuacha tofali limepinda, alilitazama, akaosha mwiko wake, akaliacha.